Akiba ya Somo Yangu

Droo ya chini ya kabati la vyombo ilikwama
mwaka ule Mama alipofariki,
na mimi, mtu wa kuahirisha, nikaiacha ikwame.
Jumanne iliyopita mvua ilinizuia kutoka
(hapa Blaenau mvua haimzuii mtu, humzoea,
lakini safari hii goti langu lilikubaliana nayo),
nikachukua bisibisi.

Chini ya karatasi ya kutandikia,
ile ya maua yaliyogeuka rangi ya chai,
kitabu. Chembamba, jalada la buluu,
Benki ya Akiba ya Posta,
na jina kwa wino, mwandiko wa karani mwenye maringo:
Eluned Pritchard.
Ndimi huyo.
Nikacheka peke yangu kama mwizi aliyejiibia.

Kisha nikavaa miwani.
Kimefunguliwa Machi, arobaini na saba.
Mimi ni wa hamsini na mbili.

Nilijua alikuwapo. Nyumbani alitajwa
kama watu wanavyotaja ngazi iliyooza:
angalia hapo, usikanyage.
Dondakoo, miaka mitatu, basi.
Hakuna aliyeniambia kwamba jina nililovaa
lilikwisha kuvaliwa,
likafuliwa, likakunjwa, likangoja.

Nikapekua kurasa.
Shilingi moja na peni sita, kila Ijumaa,
za mwanamke ambaye mumewe alipasua mawe
ya kuezekea nyumba za watu wa mbali
huku yetu ikivuja juu ya kitanda.
Shilingi moja na peni sita, muhuri.
Shilingi moja na peni sita, muhuri.
Mtoto alikufa Jumatano, tarehe tisa Februari.
Ijumaa, tarehe kumi na moja,
kuna muhuri.

Niliurudia hadi chai ikapoa.
Ijumaa iliyofuata, muhuri.
Miaka mitatu Mama alipanga foleni
kumwekea akiba mtu aliye chini ya nyasi,
na karani akapokea, akagonga, hakuuliza.
Au aliuliza. Hilo halina safu yake kitabuni.
Muhuri wa mwisho ni wa wiki niliyozaliwa.
Mimi sikufunguliwa kitabu.

Posta, kijana Iestyn alikishika kwa ncha za vidole,
akapiga simu, akangojeshwa, akapigiwa muziki, akangoja.
"Ipo," akasema, "na faida yake.
Wewe ndiye mwenye akaunti?"
Kitambulisho changu kilisema ndiyo,
jina ambalo hakuna bwana aliyenibadilishia.
Sahihi yangu ingesema ndiyo.
Ulimi wangu, miaka sabini na kitu haujakosa jawabu,
ukasema: "Ni somo yangu."

Basi ikawa fomu. Cheti cha kifo, cheti cha kuzaliwa,
wiki tisa, na barua moja ya adabu sana
kuuliza kama nina hakika
kwamba Eluned Pritchard amefariki.
Nikajibu ndiyo, nina hakika.
Nikatia sahihi: Eluned Pritchard.

Pauni mia moja na saba.
Wanasema akiba haiozi. Haiozi, kweli,
ila ikikaa gizani hubadilika ladha.

Mchonga mawe wa njia ya stesheni
hutoza pauni kumi na moja kwa herufi.
Nikanunua sita.
La ukoo sikulinunua, wamelala wote safu moja, watajuana.
Akachora kwa chaki kwanza, akanitaka nikague tahajia,
nami nikasimama mvuani, mzima, na mwavuli wangu,
nikilisoma herufi kwa herufi,
nikasema hakuna kosa, chonga.

Zilibaki arobaini na moja.
Nikaingia kwa muuza chipsi.
Nikaagiza za watu wawili, siki nyingi,
nikala zangu.
Kisha nikala zake.